Kwa nini 1 iligeuka q ndani ya Vim

Jana usiku hapa Gilgil nilikuwa nikisahihisha bei za mteja kwenye faili iliyo kwenye seva, kwa Vim kupitia PuTTY. Nikabonyeza 1 kwenye vitufe vya namba, kulia mwa kibodi. Mstari mpya ukafunguka juu, na ndani yake q! Bei ikiharibika watu watalipishwa visivyo, basi nikatoka bila kuhifadhi kwa :q!

Chanzo ni cha zamani. Mwaka 1978 kampuni ya DEC ilitoa terminali ya VT100, ambayo vitufe vya namba vina hali mbili. Katika hali ya kawaida, 1 hutuma 1. Katika hali ya programu, hutuma Escape, O na q. PuTTY huiga desturi hiyo. Vim isipoitambua, huisoma kama amri za vi, kihariri alichoanza kuandika Bill Joy mwaka 1976: Escape inakutoa kwenye uandishi, O inafungua mstari juu, q inaandikwa.

Dawa: kwenye PuTTY fungua Terminal, kisha Features, uweke tiki kwenye "Disable application keypad mode".

Msikimbilie kuilaumu Vim. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991 na kufariki 2023, aliwahi kufanya kazi Kibaale, Uganda, na kwa miaka mingi programu yake imewaombea msaada watoto wa huko. Ni ya jirani. Tengenezeni vitufe, muendelee nayo.