Kanda za "Wanawake Tu" na Mashine ya Diski

Kama umekulia katika nyumba ya Kizanzibari au ya Kimombasa hapa Uingereza, utakumbuka kwamba kanda za video zilikuwa za aina mbili. Za kwanza zilikaa sebuleni chini ya televisheni na kila mtu alizigusa: filamu za Kihindi, mechi alizorikodi ami, katuni zetu sisi watoto. Za pili zilikaa chumbani kwa mama, ndani ya kabati, nyuma ya kanga ambazo bado hazijakatwa. Hizo zilikuwa za harusi. Na katika hizo za harusi kulikuwa na ambazo zilitazamwa pale tu wanaume walipokuwa kazini au msikitini. Juu yake paliandikwa jina la bi harusi, mwaka, na maneno mawili: wanawake tu.

Hizo za kabatini ndizo ninazotaka kuziandikia leo, maana historia ya video inavyosimuliwa siku zote haiwezi kuzieleza. Inasimuliwa kama mbio za mashine: kanda ikaja, diski ikaishinda kanda, kompyuta ikaishinda diski. Kwa hesabu hiyo familia zetu zilichelewa. Majirani Waingereza walipeleka kanda zao dukani, wakalipa, wakarudi na diski kwenye bahasha. Za kwetu zikabaki palepale miaka na miaka. Mimi naona mama zetu walijua vizuri sana walichokuwa wanakifanya. Duka lilikuwa na mtu nyuma ya kaunta, na mtu huyo angeitazama kanda.

Tuanze na tarehe. Kampuni ya JVC ilitoa VHS nchini Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Betamax ya Sony. Deki zilipoanza kuenea hapa Uingereza, watu wetu walikuwa wameshatawanyika. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea Januari 1964, na waliotoka walikwenda Bara, Mombasa, Dubai, Misri, London, Portsmouth. Kisha Sultan Qaboos akashika utawala wa Omani mwaka 1970, na wengi wenye asili ya huko wakahamia Maskati katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo harusi moja ya mwaka 1985 ingeweza kuwa na bibi Unguja, khalati Maskati na kaka wa bi harusi anayeosha vyombo kwenye hoteli ya London, ambaye nauli ya kwenda hana.

Simu ilikuwa ghali. Kabla ya video watu walitumiana kaseti za sauti: unakaa mbele ya redio kaseti, unaongea saa nzima, unalia kidogo, unamkabidhi msafiri. Kanda ya video ilirithi kazi hiyo. Ndiyo maana harusi za zamani zina kitu ambacho mpiga video wa leo angekikata bila kufikiri: kamera inasimama mbele ya kila mgeni, mmoja mmoja, na mgeni anamsalimia mtu ambaye hayupo. "Salamu zako, na mtoto amekua, na ile amana yako imefika." Halafu kamera inasogea kwa mwingine. Ni barua hizo, zimepangwa mstari ukumbini.

Kanda zilisafiri kwenye masanduku pamoja na halua na udi. (Wengi waliogopa mashine za kukagulia mizigo uwanja wa ndege, wakazificha katikati ya nguo. Hofu haikuwa na msingi, eksirei haifuti kanda. Kinachofuta ni sumaku.) Na zilicheza kote zilikofika, kwa sababu Zanzibar, Kenya, Omani, Falme za Kiarabu na Uingereza zote zilitumia mfumo mmoja wa picha, PAL, wenye mistari 625. Aliyeumia ni ndugu aliyekwenda Marekani. Kule mfumo ni NTSC, mistari 525, na kanda ya Maskati kwenye deki ya kule haikutoa picha ya maana. Ilibidi ipelekwe dukani kubadilishwa. Ndipo tunarudi kwa yule mtu wa nyuma ya kaunta.

Huku nyumbani kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda kwa njia yake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote mpaka 1994. Dar es Salaam ya miaka ya 1980, mwenye televisheni aliinunua kwa ajili ya deki. Lamu nako video iliingia ndani ya nyumba, upande wa wanawake, na mwanaanthropolojia Minou Fuglesang aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, Veils and Videos, kilichotoka 1994: wasichana wa Lamu, filamu za Kihindi, mitindo na harusi. Baadaye Heike Behrend, katika Contesting Visibility cha 2013, aliandika juu ya upigaji picha katika pwani yetu na ubishi wake: nani aonekane, na nani, wapi. Nilivisoma vitabu hivyo nikiwa chuo kikuu, na jambo la ajabu lilikuwa kukuta ugomvi wa sebuleni kwetu umewekewa tanbihi.

Maana ugomvi ulikuwepo. Kwenye sherehe ya wanawake, bi harusi amefunguliwa nywele, mikono na miguu ina hina mpaka juu, shangazi zake wanacheza kwa namna ambayo hawatacheza mbele ya mwanamume asiye maharimu. Mpiga kamera mwanaume akiingia, wanajifunika, na kanda inatoka na harusi ya mabuibui. Mpiga kamera akiwa mwanamke, unapata harusi yenyewe, lakini sasa unayo kanda ambayo ni amana. Ikitoka mkononi mwako umewavua mabuibui wanawake mia mbili kwa pamoja. Mama zetu walililewa hilo bila kuhitaji kitabu.

Sasa tuje kwenye mashine. Pioneer ilitoa mashine ya nyumbani ya kurikodi DVD nchini Japani mwishoni mwa 1999, kwa bei ambayo familia yetu isingeiwaza. Miaka michache tu baadaye bei ilikuwa imeanguka, na zikaja zile za mbili kwa moja: upande huu unatia kanda, upande ule diski, unabonyeza kitufe, basi. Hakuna kompyuta, hakuna waya wa kuchanganya kichwa. Wataalamu wa video walizidharau, na hata leo wanazidharau. Kwa mwanamke wa miaka hamsini na tano aliyekuwa na kanda kumi na nne kabatini, hiyo ilikuwa mashine ya kwanza iliyomwezesha kuhamisha harusi ya dada yake bila mtu wa nje kuiona.

Na haikuwa na haraka. Kanda ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, haiharakishwi. Kwa hiyo Jumamosi za nyumbani kwetu zikawa za kuhamisha: mama, khalati wawili, jirani mmoja kutoka Mvita, chai ya maziwa, mandazi, mapazia yameshushwa. Sisi wasichana tuliruhusiwa kukaa. "Huyu nani?" "Mtoto wa Bi fulani, wa Vuga, yule aliyeolewa Bukini." "Na huyu aliyesimama nyuma?" Kimya. "Huyo usimuulize." Nilijifunza nasaba yangu hapo kuliko mahali pengine popote, skuli ikiwemo. Hakuna aliyefikiria kurikodi mazungumzo yale.

Lakini mashine ilikuwa na hukumu yake. Kanda iliyozoeleka katika nchi za PAL ni ile ya E-180, dakika mia na themanini. Diski ya kawaida ya gigabaiti 4.7, ukirikodi kwa ubora mzuri, huchukua saa mbili. Saa tatu haziingii. Ukichagua kiwango cha chini zinaingia hata saa nne, ila picha inafifia, na mahali ambapo harusi zetu zina uhai zaidi, nguo za kumetameta, dhahabu, watu wanaocheza kwa kasi, ndipo picha inapovunjika vigae vigae. Basi mtu analazimika ama kutumia diski mbili ama kukata. Diski zilikuwa na bei, na mama zetu ni watu wa kubana matumizi. Wakakata.

Walikata nini? Zile salamu. "Hapa hapana kitu, wanasalimiana tu." Wakaacha kuingia kwa bi harusi, ngoma, keki, na picha za kwenye jukwaa. Kwa wao walikuwa wanaondoa makapi, maana waliosalimiwa walishasalimiwa miaka ishirini nyuma, na wengi wa waliosalimia walikuwa bado hai, simu moja tu. Leo ukiniuliza mimi, saa ile moja iliyokatwa ndiyo historia. Keki zote zinafanana. Bibi wa Kikwajuni anayemwambia mwanawe aliyeko London kwamba paa limeezekwa kwa zile pesa, huyo hafanani na mtu.

Kulikuwa na mitego mingine. Wa kwanza ni kufunga diski. Ukimaliza kurikodi lazima uiambie mashine iifunge, vinginevyo diski mara nyingi huchezwa na mashine ileile tu. Hatua hiyo ilichukua dakika kadhaa na maandishi yake yalikuwa ya kutisha, kwa hiyo watu waliiruka. Mashine ikafa, ikatupwa, na diski zikabaki na harusi ndani yake ambayo deki nyingine zote zinasema haipo. (Ikiwa unazo za namna hiyo, usizitupe. Zipo programu za kompyuta zinazoweza kuzisoma nyingi kati ya hizo.)

Mtego wa pili unaudhi zaidi. Filamu za dukani tangu miaka ya 1980 ziliwekewa mawimbi ya kuzuia kunakiliwa, yaitwayo Macrovision, na mashine ya diski ikiyahisi inagoma. Sasa kanda iliyochakaa, au kopi ya kopi ya kopi, hutoa mawimbi yanayoyumba, na mashine nyingine huyadhania kuwa ni hayohayo. Kwa hiyo harusi ya Malindi ya mwaka 1987 inakataliwa kana kwamba ni mali ya Hollywood. Mama aliona maandishi ya "huruhusiwi kunakili" akatishika, akadhani serikali ina habari.

Na diski zenyewe hazikudumu kama tulivyoahidiwa. Diski ya kurikodia nyumbani huhifadhi picha ndani ya tabaka la rangi, na rangi hiyo hudhuriwa na mwanga na joto. Za bei rahisi ziliharibika mapema. Ninajua nyumba ambazo diski ya 2006 imekufa na kanda ya 1988 bado inacheza. Bahati mbaya wengi walishazitupa kanda walipopata diski.

Kwa sasa mlango unajifunga. Funai, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO na jumuiya ya kimataifa ya nyaraka za sauti na video walitoa tahadhari kwamba deki na mafundi wanaisha, na kwamba mwaka 2025 au karibu na hapo ndio ukomo wa kazi hii kufanyika kwa wingi. Tumeshaufikia. Ukitaka kuhamisha, tafuta kwanza kanda mama, maana iliyokuja London mara nyingi ni kopi, na asili iko Unguja au Maskati. Iangalie kwenye mwanga kabla ya kuitia kwenye deki: ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, hiyo ni koga, na itachafua deki na kila kanda itakayofuata. Siku hizi picha huingizwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Cha kufurahisha ni kwamba baadhi ya zile mashine za diski zilizodharauliwa, kama Panasonic DMR-ES10, zinatafutwa mitumba na haohao wataalamu, kwa sababu picha inayoyumba ikipitishwa ndani yake inatulia.

Kwenye kipindi mlituandikia wengi mkiuliza tuzikusanye kanda zetu zote mahali pamoja, ziwe nyaraka za jamii. Mimi ningependa, na sikubali. Diski ilikuwa kitu kimoja ndani ya nyumba moja. Faili hutoka kwa kidole kimoja, ikaenda kwenye kundi la familia lenye watu mia, na kesho iko kwa fundi simu. Nyumbani kwetu wanawake walikaa wakapatana: faili ziko kwenye diski kuu moja, kwa khalati mkubwa, haziingii simuni. Kila anayeonekana kwa karibu na bado yu hai aliulizwa. Aliyefariki, walisemewa na binti zake. Na kwa zile salamu tulipatana tofauti, kwa kuwa wengi walishajifunika walipozisema. Hizo tunazitoa zilipobaki kwenye kanda, tunaandika majina, na tutazisikilizisha humu sauti peke yake.

Mmoja alikataa kabisa. Ni bi harusi mwenyewe, wa 1989, siku hizi ana wajukuu. Hataki ihamishwe kokote, wala kompyuta wala diski. "Naitazama kwa deki," alisema, "kama nilivyoitazama siku zote." Nilijaribu kumweleza habari za Funai, akanisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama nimekula. Kanda yake imesimamishwa wima kabatini, haijaguswa. Deki inayofanya kazi imebaki moja, na kila Idi huja kuiazima.