Chupa na Jina Lake

Magazeti yetu huiita bomu la petroli, jina linalotaja kitu na kuishia hapo. Wafini waliipa jina la mtu, na hilo ndilo lililozunguka dunia.

Vita vya moto ni vya zamani sana. Katika karne ya 7 Wabizanti walikuwa wakizichoma merikebu za Waarabu mbele ya Konstantinopoli. Lakini chupa mkononi mwa askari wa miguu anayekabili kifaru ni habari ya Hispania. Oktoba 1936, vifaru vya T-26 kutoka Urusi viliingia vichochoro vya Seseña, mji mdogo kusini mwa Madrid, bila askari wa kuvilinda. Watu wa Jenerali Franco, waliokuwa wakipigana na serikali ya jamhuri iliyosaidiwa na Wasovieti, wakavirushia chupa. Naam, watu wa Franco: silaha inayohesabiwa leo kuwa ya wanamapinduzi ilipata umaarufu mikononi mwa maadui zao.

Tarehe 30 Novemba 1939 Jeshi Jekundu likavuka mpaka wa Ufini. Wafini walikuwa na mizinga michache mno ya kupigia vifaru. Ndege za Kisovieti zilipoanza kushambulia, Vyacheslav Molotov, kamishna wa mambo ya nje, alidai kwamba zinawaangushia wenye njaa chakula. Wafini, watu wasiosifika kwa maneno mengi, wakaliita lile bomu lililopasuka na kumwaga vibomu vingi vidogo "kapu la mkate la Molotov". Na kwa kuwa si adabu kumwacha mgeni ale mkate mkavu, wakamwandalia kinywaji: kokteli ya Molotov.

Kinywaji hicho kilitoka kiwandani kwelikweli. Alko, kampuni ya pombe ya serikali iliyoanza 1932 marufuku ya pombe ilipofutwa, ilikuwa na kiwanda chake Rajamäki, kaskazini mwa Helsinki. Palipojazwa vileo sasa pakajazwa moto. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, walitoa zaidi ya chupa 400,000 vitani.

Wingi huo usitudanganye. Chupa hairuki mbali. Mtu alijilaza kwenye shimo la theluji, akasikia ardhi ikitetemeka chini ya kifua chake, akavumilia mpaka lile dude lifike hatua chache tu, ndipo akainuka. Wapo wengi ambao hawakuinuka tena.

Molotov alizaliwa Skryabin. Jina hili jingine alijibandika mwenyewe, kutokana na neno la Kirusi la nyundo. Alitaka chuma, akaambulia kioo. Juni 1956 akaondolewa katika wizara ya mambo ya nje. Oktoba mwaka huohuo, vijana wa Budapest wakawa wanavirushia vifaru vya Kisovieti chupa zenye jina lake. Aliishi miaka 30 mingine, akafariki Moscow mwaka 1986.