TREKTA NDOGO MBULU NA HANANG: LIME VIZURI, DEREVA ARUDI MZIMA



Mvua zikikaribia huku kwetu maswali ni yale yale: ninunue trekta ya farasi ngapi, bei gani, spea zipo Arusha au mpaka Dar? Maswali mazuri. Wanaouliza namna ya kuiendesha ikafanya kazi na dereva akarudi nyumbani mzima ni wachache. Leo naandika hilo.

Nazungumzia trekta ndogo ya dizeli, farasi 20 mpaka 50 hivi, siyo pawatila zile za kutembea nyuma yake zilizoingia kwa wingi wakati wa Kilimo Kwanza mwaka 2009 na kuendelea. Hanang tumezoea matrekta makubwa tangu mashamba ya ngano ya NAFCO kule Basotu, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970. Kule ni tambarare. Trekta ndogo tunaipeleka kusikofika yale makubwa: kwenye viraka vya maharage na vitunguu swaumu, kwenye vilima vya Mbulu. Ni nyepesi, ni fupi, matairi yako karibu karibu. Kwa hiyo ndogo haina maana ya salama.

1. KABLA YA KUWASHA
Angalia oili kwa kijiti, maji ya rejeta, mkanda wa feni, upepo wa matairi na nati zake. Rejeta ikiwa ya moto usiifungue, maji yatakurukia usoni. Dizeli ya kwenye madumu ichujwe kwa kitambaa safi. Tangi lijazwe jioni, maana likilala nusu, baridi ya Mbulu inatengeneza matone ya maji ndani. Na usiache dizeli iishe kabisa: hewa ikiingia kwenye mabomba itabidi uitoe kwanza ndipo iwake.

Asubuhi ya baridi zipe muda plagi za kupasha joto, kisha washa. Usibane stata zaidi ya sekunde 10, pumzika, rudia. Washa ukiwa umekaa kwenye kiti, gia ikiwa fri, klachi imekanyagwa. Wapo wanaosimama chini pembeni ya tairi na kuishtua stata kwa bisibisi. Ikiwa gia imeingia, trekta inaondoka pale pale, na tairi la nyuma linampitia aliyeiwasha.

2. MTEREMKO
Hapa ndipo watu wanapofia. Chukua fito ya mita 1 na chupa yenye maji kidogo. Ilaze fito kwenye mteremko, inua ncha ya chini mpaka maji yaonyeshe imelala sawa, kisha pima kutoka ncha hiyo mpaka ardhini. Ukipata sentimita 20, hiyo ni kama digrii 11. Mimi nikifika hapo silimi tena kwa kukata ubavu wa kilima. Ikifika sentimita 27, yaani digrii 15, siingizi trekta kabisa. Kama kitabu cha trekta yako kinataja kiwango kidogo zaidi, fuata kitabu.

Kuna atakayesema: basi nilime kupanda na kushuka. Trekta itatulia zaidi, lakini mvua ya kwanza itafuata mifereji yako na udongo utaishia kwa jirani wa bondeni. Shamba lisiloweza kulimwa kwa kufuata kontua bila hatari ni shamba la maksai na jembe la mkono. Huku maksai tunao na tunawajua.

Tanua matairi kadiri trekta inavyoruhusu. Plau ikiwa juu, ibebe chini chini. Chagua gia kabla hujaanza kushuka, ile ile ambayo ungepandia, na usiweke fri mteremkoni hata kama unabana mafuta.

Upinde wa chuma nyuma ya kiti si urembo. Sweden iliulazimisha kwenye matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Usiukate wala kuulaza ili upite chini ya miti kisha ukasahau kuurudisha. Upinde ukiwa umesimama, funga mkanda. Trekta isiyo na upinde, usifunge mkanda.

3. KUKWAMA NA KUVUTA
Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa hauna rafiki. Usifunge gogo kwenye matairi ya nyuma. Tairi likigoma kuzunguka, nguvu ya injini inainua pua ya trekta, na inageuka chali chini ya sekunde 2. Huna muda wa kukanyaga klachi. Jaribu kurudi nyuma taratibu, chimba, au vutwa na nyingine. Mzigo wowote ufungwe kwenye mkono wa chini wa kuvutia, kamwe usiufunge kwenye mkono wa juu wa haidroliki. Mnyororo ukikaza, watu wote wakae mbali.

4. SHAFTI YA PTO
Msimu wa kupukuchua mahindi, shafti ya nyuma inazunguka mara 540 kwa dakika, sawa na mara 9 kila sekunde. Huku kwetu watu wanavaa shuka, akina mama kanga na vitenge. Ncha ya nguo ikishikwa, kabla hujamaliza kutamka "zima" mtu ameshavutwa. Shafti iwe na mfuniko wake mzima, siyo gunia lililozungushiwa. Shuka ivuliwe. Hakuna kuruka shafti, na mashine ikiziba, zima injini, toa funguo, ndipo uingize mkono.

5. BARABARANI
Kiti ni kimoja, mtu ni mmoja. Anayekaa kwenye madigadi akiteleza anaangukia mbele ya tairi la nyuma, na watoto ndio wanaopenda sana pale. Breki mbili za nyuma ziunganishwe kwa ile kufuli yake kabla ya kuingia barabarani, la sivyo ukikanyaga moja trekta inageuka ghafla. Ukiongeza mwendo mara 2, umbali wa kusimama unakuwa kama mara 4, na tela lenye magunia linakusukuma zaidi. Mteremko kama wa Magara hausamehi. Ukipaki, shusha plau chini, vuta hendibreki, toa funguo.

LA MWISHO, KWA WENYE TREKTA
Madereva wengi hulipwa kwa eka. Maana yake kila shamba baya analolikataa ni hela anayoikosa, na mwenye shamba anamwambia "fulani mwaka jana alilima hapa". Kijana wa miaka 20 atakataaje? Kubalianeni mapema: dereva akisema hapa hapalimiki kwa trekta, neno lake ni la mwisho, na siku hiyo analipwa posho yake. Posho ya siku moja ni nafuu kuliko trekta iliyolala bondeni, achilia mbali mazishi.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu wa Dongobesh, Haydom na Katesh ongezeeni.