Robert Hogan

Robert Hogan (alizaliwa 1937) ni mwanasaikolojia wa Marekani ambaye, akishirikiana na mkewe Joyce Hogan, alitunga madodoso matatu ya haiba yanayotumiwa na waajiri kuchagua wafanyakazi na kulea viongozi. Watunga vipimo wengi wa kizazi chake walitaka kujua mtu ni nani ndani ya nafsi yake. Hogan alitaka kujua wenzake kazini watamsemaje.

Alizaliwa Los Angeles, akasoma Chuo Kikuu cha California cha mji huohuo, kisha akatumikia jeshi la majini kama ofisa kwenye manowari. Alipotoka jeshini alifanya kazi ya ofisa wa uangalizi wa wahalifu katika wilaya ya San Bernardino, California. Kazi hiyo humlazimu mtu kukadiria kila siku nani atajirekebisha na nani atarudia kosa, na kwa kawaida hana muda wala ushahidi wa kutosha.

Kutoka huko alikwenda Berkeley, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1967. Berkeley ilikuwa na taasisi ya utafiti wa haiba iliyoongozwa na Donald MacKinnon, mtu aliyewahi kushiriki kuwachuja majasusi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alikuwapo pia Harrison Gough, mtunzi wa dodoso la California Psychological Inventory. Gough hakupima magonjwa ya akili. Alipima sifa ambazo watu wa kawaida huzitumia kuelezana, kama vile uwajibikaji, kujitawala na uvumilivu. Mkondo huo ndio Hogan aliouendeleza.

Mwaka 1967 aliajiriwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Kazi zake za awali zilihusu ukuaji wa maadili, na kipimo chake cha kuwaelewa wengine, kilichochapishwa mwaka 1969, kilitumiwa na watafiti wengi. Lakini aliingia ulingoni wakati mbaya. Mwaka 1965 Robert Guion na Richard Gottier walikuwa wamepitia tafiti zilizokuwapo na kuona kwamba vipimo vya haiba havikuwa na msingi wa kutosha wa kutumiwa katika ajira. Miaka mitatu baadaye Walter Mischel alitoa kitabu kilichotilia shaka wazo lenyewe la tabia za kudumu: mtu, alidai, hubadilika kadiri mazingira yanavyobadilika. Wengi waliuacha uwanja huo. Hogan alibaki, na baadaye akawa mhariri wa kwanza wa sehemu ya haiba katika jarida kuu la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani linalohusu haiba na jamii.

Jibu lake kwa wapinzani lilikuwa nadharia, aliyoieleza kwa kirefu mwaka 1982 katika kongamano la Nebraska kuhusu motisha. Alichota kwa Darwin, Freud na George Herbert Mead. Binadamu, kwa maelezo yake, ni kiumbe wa kundi, na katika kila kundi anahangaikia mambo mawili yanayovutana: kukubalika na wenzake, na kuwapita wenzake. Kwa hiyo haiba ina pande mbili. Upo upande wa ndani, yaani hadithi ambayo mtu anajisimulia, na huo ni vigumu kuupima. Upo upande wa nje, yaani jina alilojijengea mbele ya watu, na huo unaweza kuchunguzwa kwa kuwauliza wakubwa wake, wenzake na walio chini yake. Anayejaza dodoso, kwa mtazamo huu, hatoi ripoti ya nafsi yake. Anafanya kile anachokifanya kila siku katika mazungumzo, kujionyesha kwa namna anayotaka aonekane. Kipimo kinafaa iwapo majibu hayo yanaoana na yale wengine wanayosema juu yake.

Hapa ndipo lilipotoka Hogan Personality Inventory, maarufu kwa kifupi cha HPI, lililoanza kutungwa miaka ya 1970. Lina kauli fupi 206 ambazo mtu huzikubali au kuzikataa, kwa muda wa kama dakika ishirini. Kauli ya aina hiyo, ingawa si ya dodoso lenyewe, inaweza kuwa: “Ni nadra kukasirika nikikosolewa.” Majibu hukusanywa katika mizani saba, zikiwamo utulivu, ari ya kusonga mbele na umakini katika taratibu, kisha hulinganishwa na ya maelfu ya watu walio kazini. HPI lilitungwa kwa ajili ya watu wazima wanaofanya kazi, si wagonjwa. Ni tofauti kubwa, kwa kuwa kabla ya hapo waajiri kadhaa walitumia vipimo vya hospitali za akili kuchuja waombaji.

Mwaka 1982 Hogan alihamia Chuo Kikuu cha Tulsa, Oklahoma, na mwaka 1987 yeye na Joyce wakaanzisha kampuni ya Hogan Assessment Systems mjini humo. Joyce, aliyefariki mwaka 2012, hakuwa msaidizi wa pembeni; alikuwa mtafiti wa saikolojia ya kazi kwa haki yake, na jina lake limo katika makala nyingi zilizoijengea kampuni hiyo heshima.

Dodoso la pili, la mwaka 1997, ndilo lenye ladha zaidi. V. Jon Bentz, aliyewachunguza mameneja wa kampuni ya maduka ya Sears kwa miaka mingi, aliona kwamba walioanguka hawakukosa akili wala ujuzi. Kila mmoja alikuwa na kasoro ya tabia iliyomharibia. Hogan akatunga mizani kumi na moja ya kasoro za namna hiyo: kujiamini kupita kiasi, kushuku kila mtu, kumnyenyekea mkubwa na kadhalika. Nyingi ni nguvu zilizozidi kipimo. Anayejisifu vizuri kwenye usaili anaweza kuwa yuleyule ambaye baada ya mwaka haambiliki. Dodoso la tatu hupima maadili na mambo ambayo mtu anayathamini.

Kuhusu waombaji kudanganya, yeye na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti wa waombaji kazi zaidi ya 5,000 waliokataliwa, wakarudia HPI baada ya miezi sita. Wote walikuwa na sababu ya kujipamba mara ya pili, lakini katika kila mizani waliopanda kwa kiwango cha maana walikuwa asilimia 5 hivi. Mwaka huohuo Frederick Morgeson na wenzake, wakiwamo waliowahi kuhariri majarida ya fani, waliandika kwamba uwezo wa vipimo vya haiba kutabiri utendaji ni mdogo mno. Msimamo wa Hogan kwa wakosoaji wa aina hiyo ulikuwa kwamba tafiti zilizochanganya vipimo vizuri na vibovu haziwezi kutoa hukumu ya haki.

Doa linalobaki ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi kuhusu madodoso haya imetoka kwa watu wanaoyauza. Hata hivyo Hogan aliweka kipimo cha kumpimia yeye mwenyewe: dodoso lihukumiwe kwa utendaji wa watu kazini. Kwa kipimo hicho HPI limesimama vizuri kuliko vipimo vingi vinavyouzwa sokoni, na mwajiri anayeletewa dodoso lolote ana haki ya kudai ushahidi wa aina hiyo kabla ya kulipa.