Neno Boma na Safari Zake

Siku moja mgeni kutoka pwani alifikia nyumbani kwetu, hapa chini ya mlima Meru, akatuletea nazi nne. Saa ya kupika ilipofika alimwita mtoto wetu mdogo, akamwambia, "Mwanangu, katuazimie mbuzi kwa jirani." Mtoto akatoka mbio kwa utii. Punde akarudi akivuta mbuzi jike kwa kamba, na jirani mwenyewe yuko nyuma, akiuliza ni karamu gani tuliyo nayo hata tukaazima mnyama badala ya kumnunua. Kumbe mgeni alitaka kile kigoda chenye ulimi wa chuma, ambacho watu wa pwani hukikalia wakakuna nazi. Huku kwetu minazi haioti, na mtoto alimjua mbuzi mmoja tu, yule alaye majani.

Tulicheka sana, lakini baadaye tulifikiri. Watoto wengi wa huku huanza kunena kwa Kimeru au kwa Kimaasai, na Kiswahili hukikuta barabarani na shuleni. Wakutanapo na neno lenye maana nyingi hudhani kwamba lugha inawafanyia hila. Basi yatupasa kuwaonyesha kwamba maneno ya namna hii yako ya aina mbili. Aina ya kwanza ni maneno yaliyofanana kwa sauti tu, kama watu wawili wasio ndugu walioitwa jina moja. Kaa la moto, kaa wa baharini, na kukaa kitini, hayana ujamaa wowote. Haya mtu hana budi kuyakariri. Aina ya pili ni neno moja lililosafiri, na kila lilipolala liliongeza maana. Neno la namna hii halitoshi kulikariri. Yafaa kuijua safari yake, kwa kuwa ndani yake mna habari za watu.

Wala jambo hili si la Kiswahili peke yake. Jirani zetu Waarusha, ambao lugha yao ni Kimaasai, wasemapo Enkai humtaja Mungu, nao hutaja mvua na mbingu kwa neno lilo hilo. Mgeni asiyejua nchi kavu ilivyo hawezi kufahamu kwa nini.

Sasa na tulitwae neno moja ambalo kila mtu wa Arusha hulitamka, nalo ni boma. Hapo kale boma lilikuwa ni ua wa miti au wa miiba, uliozungushwa ili kuzuia adui na wanyama wakali. Misafara iliyopita bara ilikata miiba jioni, ikajifanyia boma, ikalala ndani yake. Tena wasafiri walipoona kaya za Wamaasai, ambazo wenyewe huziita enkang, wakaona zimezungushwa miiba na ng'ombe wako katikati, waliziita maboma vilevile. Hata leo, katika njia iendayo Moshi, uko mji uitwao Boma Ng'ombe, na jina lake latosha kuwa ushahidi.

Kisha neno likapata maana ya pili, na hiyo haikuja kwa amani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, katika nchi ya Meru. Wadachi wakaleta vita juu ya Wameru na Waarusha. Vita vilipokwisha walitaka mahali pa kukaa wawatawale, na kufika mwaka 1900 boma la Arusha lilikuwa limesimama. Waarusha na Wameru walilazimishwa kazi ya kulijenga. Si miiba tena, bali kuta nyeupe zenye askari na bunduki. Hata hivyo watu waliliita boma, maana waliona ni ua wa mwenye nguvu, ajikingaye na wale waliomzunguka.

Hapo ndipo neno lilipofanya safari yake ya ajabu. Kwanza lilikuwa ukuta. Halafu likawa wale waliomo ndani ya ukuta. Mtu alipoambiwa, "Unaitwa Bomani," hakuwaza mawe. Aliwaza kodi, au kesi, au kifungo. Waingereza walipoitwaa Arusha mwaka 1916 walilikuta neno limekwisha kukaa, nao wakaliacha. Ofisi ya Bwana Shauri ikawa Boma hata pale ambapo haikuwa na ukuta kamwe. Na hata siku hizi vijana wakiandikiwa ndoa mbele ya mkuu wa serikali, husemwa wamefunga ndoa ya bomani, ijapokuwa wameandikiwa katika chumba cha kawaida chenye meza na viti. Lile boma la Arusha lenyewe sasa ni nyumba ya makumbusho.

Wako watu wasemao kwamba boma si neno letu, bali ni herufi za kwanza za maneno manne ya Kiingereza, yaliyotaja utawala wa Waingereza ng'ambo ya bahari. Tusikubali. Ludwig Krapf aliliandika neno hili katika kamusi yake ya Kiswahili iliyopigwa chapa mwaka 1882, na Wadachi walikuwa na boma lao Arusha miaka kumi na sita kabla ya Mwingereza kuingia. Mtoto hawezi kumzaa babu yake.

Labda msomaji atauliza, kuna faida gani kujua hayo? Tutazame mwaka 1951. Mwezi wa Novemba wa mwaka huo, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili ardhi yao ipewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zao zilichomwa moto. Hivyo wenye boma la ng'ombe waliondolewa kwa amri ya wenye Boma la serikali. Neno ni moja, lakini kwa mmoja lilikuwa kinga, na kwa mwingine lilikuwa amri. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea wenzake mbele ya Umoja wa Mataifa. Safari ile haikuwarudishia ardhi papo hapo, bali shauri la Wameru lilisikiwa mbali sana na Arusha.

Wenzetu wa pwani nao wana neno lililopata mambo kama hayo, yaani gereza. Asili yake ni neno la Kireno igreja, na maana yake ni kanisa! Wareno walijenga ngome, na ndani ya ngome waliweka kanisa la kusalia. Watu waliokuwa nje walisikia jina la kanisa, lakini walichokiona ni ngome. Kwa hiyo ngome ikaitwa gereza. Hata sasa magofu ya ngome ya Kilwa Kisiwani huitwa Gereza. Baadaye ngome zilipofungiwa wahalifu, jina likabaki na wafungwa. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, ilikuwa jela tangu 1895 hata 1958. Tazameni jinsi watu walivyolipa neno maana kwa yale waliyotendewa, wala si kwa yale mwenye neno aliyokusudia. Hili latupasa kulikumbuka sisi tuliobatizwa, kwamba nyumba ya sala iliyojengwa ndani ya ngome ilisikika masikioni mwa watu kuwa ngome.

Basi, ninyi mjifunzao Kiswahili, na sisi tufundishao, tusimcheke mtoto aliyeleta mnyama badala ya kigoda. Alisema kweli kadiri ya nchi yake. Tukutanapo na neno lenye maana mbili, tuulize: Nani alilitumia kwanza? Nani alilisikia, naye alikuwa amesimama wapi, ndani ya ukuta au nje? Na tuitwapo kwenye shauri, au kutia sahihi barua ya shamba, tusione haya kuuliza neno hili hapa lina maana ipi. Kuuliza hakumpunguzii mtu heshima. Kunyamaza kumewapotezea wengi mali zao.

Na yule mbuzi jike alirudishwa kwa jirani salama, na jirani akala wali wa nazi pamoja nasi.