Nene, Tena Nyembamba

Mwanafunzi akiambiwa aeleze maana ya "maneno yaliyokolezwa wino" hahitaji ufafanuzi. Karatasi za mitihani zimeshamzoesha. Nalipenda neno hili. Mchuzi hukolezwa chumvi, rangi hukolezwa, na herufi nayo ikiongezewa wino hukolea. "Herufi nene" nayo imeenea, na kwa matumizi ya kawaida haina ubaya. Taabu huanza tunapofika kwenye herufi za vichwa vya habari, zile zisizo na vijiguu kwenye ncha, zenye wino mwingi lakini zimebanwa pande zote mbili. Tuziite "nene nyembamba"?

Waingereza nao hawakufaulu kuzipa jina la maana. William Caslon wa Nne alipotoa herufi za kwanza za chapa zisizo na vijiguu, London mwaka 1816, aliziita za Kimisri. Miaka ya 1830 William Thorowgood akaziita grotesque, kana kwamba ni vituko. Wamarekani wakachagua Gothic, na ndiyo maana Morris Fuller Benton alipochora herufi zake za kubana mwaka 1903, katika mapana matatu, zilitoka kwa jina la Alternate Gothic. Geoffrey Lee ndiye aliyesema wazi: herufi zake za 1965 ziliitwa Impact, yaani kishindo. Zitazame kwa karibu. Herufi ndogo zimerefushwa hadi zinakaribia kimo cha herufi kubwa, na tundu la "e" limebaki ufa tu. Wino umejaa kila ulipopata pa kukaa.

Kiswahili kina haja ya pekee na herufi hizi. HAWATALIPWA ni sentensi nzima ndani ya neno moja lenye herufi kumi na moja, na mhariri hawezi kulikata katikati ya ukurasa wa mbele bila kuchekesha wasomaji. Tena tumejaliwa M na W kwa wingi, herufi mbili zinazogoma kubanwa kuliko zote: W ina mistari minne ya kupanga mahali ambapo I ina mmoja. Mchoraji hodari huikondesha kidogo mistari hiyo inapokutana, la sivyo pembe zake huziba na kuwa doa.

Basi napendekeza tuseme "herufi kolezi za kubana". Kitenzi kimoja kinahusu wino, cha pili kinahusu nafasi, wala havigombani. Na tutofautishe kubana na kufinya. Herufi ya kubana imechorwa hivyo tangu mwanzo. Ya kufinya ni ile ya kawaida iliyosukumwa kwa kompyuta ili itoshe: kuta za O hukonda huku juu na chini zikibaki na unene wao wa zamani. Mabango mengi ya mikutano yamefinywa, hayakubanwa, na inaonekana hata ukipita na daladala.