Vifuu Vilivyokwenda Vitani

Aprili 2025 ilitimia miaka 110 tangu majeshi ya Ujerumani yalipofungua mitungi ya klorini karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, yakauachia upepo wa jioni kazi ya kuipeleka gesi hiyo kwenye mahandaki ya Wafaransa. Kila kumbukumbu hiyo ifikapo, wanatajwa waliokufa, na ni haki yao. Kilichowanusuru waliopigana baada yao hakitajwi sana. Kilikuwa mkaa, na mkaa uliosifiwa kuliko yote ulitokana na kifuu cha nazi, hiki hiki ambacho Kilifi na Tanga kinachochewa mekoni.

Kwamba mkaa hunasa hewa chafu lilikuwa jambo la zamani. Mkemia wa Scotland, John Stenhouse, alitengeneza barakoa ya mkaa katika miaka ya 1850. Mwaka 1915 Mrusi Nikolai Zelinsky aliutumia kuwakinga askari wa nchi yake. Waingereza nao walipata chujio lao la kisanduku chini ya Edward Harrison, aliyefariki kwa nimonia siku chache tu kabla vita havijamalizika.

Kisa chenye utamu ni cha Wamarekani. Wanakisimulia Amos Fries na Clarence West katika kitabu chao cha mwaka 1921 kuhusu vita vya kemikali. Fries alikuwa jenerali wa idara ya jeshi iliyoshughulikia vita hivyo, kwa hiyo msomaji akumbuke kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Hata hivyo, fedheha ya mwanzo haifichwi. Mwaka 1917 barakoa zaidi ya 20,000 zilishonwa mbio mbio na kupelekwa Ulaya. Waingereza walipozipima, wakajibu kwamba hazifai kupelekwa vitani: gesi ya kloropikrini ilikuwa ikipenya.

Ndipo ukaanza msako wa mkaa mgumu wenye vitundu vingi, na kifuu kikashinda. Kwanza kinachomwa kwa hewa haba, kisha mkaa wake unapitishiwa mvuke mkali wa moto hadi ndani yake ufunguke vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Gramu moja ya mkaa wa namna hiyo huweza kuwa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 1,000. Shida ni kwamba uchomaji wa kwanza peke yake hula robo tatu ya uzito. Kwa nini basi kusafirisha vifuu vizima kuvuka bahari? Wamarekani wakajenga kiwanda Ufilipino ili meli zibebe mkaa tayari.

Haukutosha. Serikali ikaanzisha kampeni ya kuwahimiza raia wale nazi zaidi, si kwa ajili ya tui, bali ili vifuu vipatikane. Kitabu kinadai ulaji wa nazi uliongezeka zaidi ya maradufu, na kwamba Oktoba 1918 zilikuwa zikipatikana tani zipatazo 150 za vifuu kwa siku, bila kuhesabu zilizotoka Mashariki ya mbali. Kisha ikaja zamu ya kokwa. Msalaba Mwekundu na watoto wa skauti wakakusanya kokwa za pichi, aprikoti, cheri na plamu zilizokaushwa, pamoja na maganda ya jozi, mapipa yakiwekwa barabarani kuzipokea. Raia waliambiwa kuwa kokwa 200 za pichi zinatosha barakoa moja. Mtoto aliyekula tunda na kuitupa kokwa alionekana kama aliyemnyima askari pumzi.

Lakini mkaa mtupu una udhaifu wake. Klorini na kloropikrini unazishika vizuri. Sianidi ya hidrojeni, yenye chembe ndogo na nyepesi, huponyoka. Wakemia wawili wa Marekani, Whetzel na Fuller, wakauloweka mkaa katika mchanganyiko wa shaba na amonia, kisha wakaukausha kwa moto. Shaba ikabaki imetandaa ndani ya vitundu, na sianidi ikifika hapo inaungana nayo na kubadilika kuwa kitu kingine. Majina ya wawili hao yakaunganishwa, mkaa ukaitwa Whetlerite. Katika Vita vya Pili vya Dunia yaliongezwa madini ya fedha ili kunasa gesi ya asini, na kromiamu ili kunasa ile ya kloridi ya sianojeni. Wajapani walipoiteka Ufilipino mwaka 1942, vifuu vikakatika, na Wamarekani wakageukia makaa ya mawe ya Pittsburgh.

Kromiamu hiyo ilikuwa ya aina inayosababisha saratani. Katika miaka ya 1990 jeshi la Marekani liliiacha, likatumia zinki na molibdenamu pamoja na kemikali iitwayo TEDA, ambayo vinu vya nyuklia pia huitegemea kunasa iodini yenye mnururisho.

Mkaa uliotiwa salfa, nao, hunasa mvuke wa zebaki. Hilo lilipaswa kutuhusu sana sisi. Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita na Migori, wapo wanaochoma zebaki hadharani na kuivuta puani, ilhali upande wa pwani vifuu vinarundikana nyuma ya mabanda ya wakuna nazi vikisubiri anayetafuta kuni.